Lori Moja, Safari Tatu: Njia na Ratiba za Uzoaji wa Taka Mjini Bujumbura



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo lisilo na fahari ya gwaride wala mshindo wa mizinga. Tunakusudia kueleza namna lori la taka linavyopaswa kupangiwa njia zake na saa zake katika mji wa Bujumbura. Huenda wako watakaouliza: askari ana shughuli gani na lori la taka? Ana shughuli nalo kubwa. Askari anajua kwamba wingi wa magari peke yake haulifikishi jeshi mahali. Linalolifikisha ni mpango wa safari: nani atangulie, apite njia ipi, afike saa ngapi, na arudi na nini. Wale waliotumikia kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, ambako majeshi ya Burundi yalianza kupelekwa mwezi wa Desemba mwaka 2007, wanalijua hilo kuliko sisi. Msafara ulioondoka bila mpango hupoteza mafuta, hupoteza saa, na mara nyingine hupoteza watu. Lori la taka nalo ni msafara wa gari moja. Likikosa mpango, hasara yake haionekani siku ile ile, lakini haikosi kuja.

Na tuanze kwa kuupima mzigo wenyewe. Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu wakazi wa Bujumbura kuwa watu 497,166, na tangu mwaka huo mji umezidi kupanuka. Benki ya Dunia, katika makadirio yake ya mwaka 2016, ilieleza kwamba mtu mmoja katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kila siku. Tukiitwaa idadi ile ya mwaka 2008 peke yake, tunapata takriban tani 230 kwa siku moja. Lori lenye uwezo wa kubeba tani 6 litahitaji safari 39 kuuondoa mzigo huo. Na kesho yake mzigo mwingine kama huo utakuwa umekwisha kuzaliwa majumbani na masokoni.

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Ikiwa kila lori hufanya safari mbili kwa siku, safari hizo 39 zinahitaji malori 20. Ikiwa kila lori hufanya safari tatu, malori 13 yanatosha. Tofauti ni malori saba. Malori hayo saba hayakununuliwa kwa fedha za kigeni, hayakusafirishwa kutoka bandari ya Dar es Salaam, wala hayadai matairi na vipuri. Yamepatikana ndani ya saa zilizokuwa zikipotea.

Saa hizo hupotea wapi? Na tuchukue mfano wa hesabu. Siku ya kazi ina saa 8, yaani dakika 480. Dakika 30 za mwanzo zinakwenda katika kulikagua lori na kulitoa gereji. Kisha lori linatumia dakika 120 kujaza shehena, kwa sababu taka zimetawanyika na wapakizi wanazikusanya kwa koleo. Dakika 35 kwenda jaani katikati ya msongamano wa magari. Dakika 25 kusubiri zamu na kumwaga. Na dakika 35 kurudi. Safari moja imekula dakika 215. Safari mbili, pamoja na zile 30 za mwanzo, zimekula dakika 460, na siku imekwisha. Sasa tuchukue lori lile lile, dereva yule yule na wapakizi wale wale. Taka zinalisubiri mahali palipopangwa, na upakiaji unakuwa dakika 80. Linakwenda jaani wakati barabara ni nyeupe, na safari inakuwa dakika 25 kwenda na 25 kurudi. Malori hayafiki jaani kwa pamoja, kwa hiyo kumwaga kunachukua dakika 15. Safari moja sasa ni dakika 145. Safari tatu, pamoja na zile 30, ni dakika 465. Hakuna aliyekimbia wala aliyelazimishwa kufanya kazi ya watu wawili. Kilichobadilika ni mpangilio.

Baada ya kuziona saa, hatuna budi kuitazama ardhi, kwa maana mpango wa safari usiojua ardhi ni karatasi tupu. Bujumbura umekaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mito inashuka kutoka milimani upande wa mashariki na kumiminika ziwani upande wa magharibi. Na miongoni mwa mito hiyo ni Ntahangwa, Muha na Kanyosha. Mito hiyo inaukata mji kama kisu kinavyokata mkate. Kaskazini ya Ntahangwa kuna Ngagara, Cibitoke, Kamenge, Kinama na Gihosha. Kati ya Ntahangwa na Muha kuna Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga, Rohero na Kiriri. Kusini ya Muha kuna Musaga, Kinindo na Kanyosha. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa madaraja, na madaraja ni machache kuliko barabara zinazoyaelekea. Kila asubuhi na kila jioni magari ya mji mzima yanabanana pale pale.

Kutokana na sura hiyo ya ardhi inazaliwa kanuni ya kwanza: mipaka ya maeneo ya kuzoa taka ifuate mito. Lori lililopewa eneo la Nyakabiga na Bwiza lijaze shehena yake humo humo, na livuke daraja mara moja tu likiwa limejaa. Lori lililojaza nusu Nyakabiga, likavuka kwenda kutafuta nusu ya pili Ngagara, kisha likarudishwa Rohero kwa sababu mtu fulani amepiga simu, limefanya kazi ya kuzungusha taka mjini badala ya kuziondoa.

Kanuni ya pili inatokana na mwinuko. Mtaa wa Kiriri uko juu ya kilima, nao mtaa wa Rohero uko chini yake. Lori likianza kazi chini na kumalizia juu, litapanda kilima likiwa na tani kadhaa mgongoni. Litakunywa dizeli kama ngamia anywavyo maji, na breki zake zitateseka wakati wa kushuka. Likianza juu likiwa tupu na kukusanya likishuka, mteremko wenyewe unalisaidia. Hivyo basi, kazi ianze Kiriri na kumalizikia Rohero, wala isiwe kinyume.

Kanuni ya tatu inatokana na mahali pa jaa. Kwa miongo mingi taka za mji zilipelekwa Buterere, kaskazini magharibi, katika tambarare iliyo karibu na uwanja wa ndege. Lori linalotoka Kanyosha kwenda Buterere linauvuka mji wote, likipita Muha na Ntahangwa. Kwa lori kama hilo, kwenda na nusu ya shehena ni hasara kubwa mno. Kwa hiyo maeneo ya mbali yapewe malori makubwa yanayojazwa kikamilifu, na maeneo ya jirani na jaa yaachiwe malori madogo yanayoweza kwenda na kurudi mara nyingi. Hata jaa likihamishiwa mahali pengine, kanuni inabaki ile ile: kadiri jaa linavyokuwa mbali, ndivyo lori lisivyoruhusiwa kwenda pungufu.

Ipo pia kanuni ndogo inayosahauliwa. Nchini Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara. Dereva anayekata kona kushoto analazimika kuyasubiri magari yanayokuja mbele yake, na lori refu lililosimama katikati ya njia panda huziba njia ya wote walio nyuma. Kukata kona kulia hakuna usumbufu huo. Kwa hiyo mzunguko wa lori la taka upangwe, kadiri inavyowezekana, uende kwa kona za kulia.

Ndugu wasikilizaji, mambo haya si mageni duniani, nayo yana historia yake. Mnamo mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg, nchini Urusi, jibu la swali lililowasumbua watu wa mji wa Königsberg, ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad. Mji huo ulikatwa vipande na mto Pregel, na ulikuwa na madaraja saba. Watu waliuliza: je, mtu anaweza kuyavuka yote saba, kila moja mara moja tu, bila kurudia? Euler alithibitisha kwamba haiwezekani. Sababu yake ni nyepesi. Kila unapoingia mahali na kutoka, unatumia njia mbili. Kwa hiyo mahali unapopita tu, bila kuanzia wala kuishia hapo, panahitaji njia zenye idadi inayogawanyika kwa mbili. Katika Königsberg kila kipande cha ardhi kilikuwa na madaraja yasiyogawanyika kwa mbili.

Yapo mafunzo hapo kwa dereva wa Bujumbura. Njia panda yenye barabara tatu au tano humlazimisha mtu kurudia barabara aliyokwisha kupita. Kurudia hakuepukiki, lakini mtu anaweza kuchagua barabara ipi ya kurudia. Mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Guan Meigu, alilieleza swali hilo kwa mfano wa tarishi anayepaswa kupita kila barabara ya mtaa wake na kurudi posta: arudie barabara zipi ili safari yake nzima iwe fupi kuliko zote? Jibu ni kuzitafuta njia panda zenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, kisha kuziunganisha mbili mbili kwa vipande vifupi kabisa vya barabara, na kurudia vipande hivyo tu. Kwa mtaa kama Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka na kuhesabiwa kwa namba, kazi hiyo inaweza kufanywa kwa ramani, kalamu na rula juu ya meza ya ofisi.

Swali la pili la historia hiyo linahusu mafuta moja kwa moja. Mwaka 1959 Wamarekani George Dantzig na John Ramser waliandika juu ya namna ya kuyapangia safari malori yanayopeleka petroli kutoka bohari moja hadi vituo vingi. Dantzig huyo alikuwa amefanya kazi ya mipango katika jeshi la anga la nchi yake. Elimu hii, basi, ina damu ya kijeshi ndani yake. Mwaka 1964 Clarke na Wright wa Uingereza walitoa njia rahisi ya kufanya hesabu hiyo, nayo inafaa kuelezwa kwa mfano. Tuseme soko moja liko kilomita 9 kutoka jaani na soko jingine liko kilomita 10, na kati ya masoko hayo mawili ni kilomita 2. Kila soko likifuatwa kwa safari yake, lori litakwenda kilomita 18 kwa la kwanza na 20 kwa la pili, jumla 38. Yote mawili yakifuatwa kwa safari moja, itakuwa 9, kisha 2, kisha 10, jumla 21. Kilomita 17 zimeokolewa, mradi taka za masoko yote mawili ziingie katika lori moja. Mpangaji huandika akiba ya kila jozi ya vituo, huanza na jozi yenye akiba kubwa, na huendelea kuunganisha mpaka lori lijae.

Msikilizaji asidhani kwamba hesabu hizi ni mchezo wa wasomi. Vituo 10 tu vinaweza kupangwa kwa taratibu 3,628,800 zilizo tofauti. Hakuna dereva, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuzipima zote kichwani. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na simu ya mkononi inaweza kuonyesha lori lilipo. Lakini hata pasipo kompyuta, kanuni za mito, mwinuko, kona na akiba zinaondoa sehemu kubwa ya upotevu.

Na upotevu huo katika nchi yetu una bei ya pekee. Katika miaka ya hivi karibuni Burundi imepatwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara, na kila mmoja wetu amekwisha kuiona mistari mirefu ya magari mbele ya vituo vya petroli. Wakati lita moja ya dizeli inasubiriwa kwa siku, lori linalotembea nusu tupu linaila haki ya gari la wagonjwa.

Sasa tuje katika ratiba, maana njia nzuri isiyo na siku na saa zake ni nusu ya kazi. Katika joto la kando ya ziwa, yai la nzi huwa nzi mzima kwa muda wa siku 7 hadi 10, au karibu na hapo. Taka zikizolewa mara mbili kwa wiki, funza huondolewa kabla hawajaota mabawa. Zikikaa wiki mbili, mtaa unafuga nzi. Hii ndiyo sababu wataalamu wa afya hushauri mara mbili kwa wiki kwa nyumba za watu wa nchi zenye joto, na kila siku kwa masoko, kwa maana maganda ya ndizi, majani ya mihogo na mabaki ya samaki hayangoji.

Mwaka 1974 wataalamu Beltrami na Bodin walichapisha maelezo ya namna ya kupanga kazi hiyo katika jiji la New York, ambako vituo vingine vilihitaji kuzolewa mara tatu kwa wiki na vingine mara sita. Walionyesha kwamba siku na njia haziwezi kupangwa mbalimbali, hupangwa pamoja. Tujaribu kwa mji wetu. Eneo la kwanza lizolewe Jumatatu na Alhamisi, la pili Jumanne na Ijumaa, la tatu Jumatano na Jumamosi. Mtazameni vizuri mpango huo. Kutoka Jumatatu hadi Alhamisi ni siku 3, lakini kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku 4. Kwa hiyo mzigo wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano utauzidi kwa theluthi moja mzigo wa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Mkuu wa gereji mwenye busara ataviweka vyombo vyake vyote barabarani siku tatu za mwanzo, na kazi ya kubadili oli na kutengeneza breki ataipeleka siku tatu za mwisho. Asiyelijua hilo atalitia lori gereji Jumatatu, na mtaa utaoza.

Tena iko siku ya Jumamosi, ambayo kwetu ina desturi yake. Asubuhi ya siku hiyo wananchi hutoka kwa kazi za pamoja, na mara nyingi kazi hiyo ni kuzibua mitaro. Matope na taka zilizotolewa mtaroni huwekwa kando ya barabara. Lori lisipofika siku ile ile, na mvua ikanyesha usiku, uchafu wote hurudi ulikotoka, na jasho la wananchi limekwenda bure. Ratiba inayowaheshimu wananchi itaweka malori tayari mara tu kazi hiyo inapomalizika, yakiwa yamekwisha kuelekezwa katika mitaa iliyotangaza kwamba itazibua mitaro.

Kwa nini tulisisitize jambo hili kiasi hiki? Kwa sababu taka isiyozolewa haikai mahali pake. Mwananchi aliyelisubiri lori siku tatu bila kuliona atazitupa taka zake mtoni Ntahangwa au mtaroni. Mto utazipeleka ziwani, na ni katika Ziwa Tanganyika hilo hilo ambamo REGIDESO huteka maji yanayosafishwa kwa ajili ya mji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa iliyashukia maeneo ya kaskazini ya mji. Mafuriko na matope yaliua zaidi ya watu 60 na kuwaacha maelfu bila makazi. Hatusemi kwamba taka ndizo zilizoleta mvua ile. Tunasema kwamba maji yakija, mtaro uliozibwa ni adui aliye ndani ya ngome. Na mwanzoni mwa mwaka 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura. Ugonjwa huo hupita katika maji na uchafu, nao hauulizi cheo wala kabila wala mtaa.

Wenzetu wa nchi jirani wana mengi ya kutufunza. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 mji wa Dar es Salaam ulikuwa ukizoa sehemu ndogo tu ya taka zake. Mwaka 1992 ilianzishwa kampeni ya dharura. Malori mabovu yalitengenezwa na milundo ya taka ikaondolewa. Lakini ilionekana kwamba kuondoa milundo mara moja hakutoshi, na kuanzia mwaka 1994 maeneo ya mji yalianza kukabidhiwa wazoaji maalumu, kila mmoja akiwajibika kwa eneo lake. Funzo lake ni kwamba kampeni husafisha siku moja, na ratiba husafisha mwaka mzima. Huko Kampala nako, mwezi wa Agosti mwaka 2024, jaa la Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Funzo la huko ni kwamba safari ya taka haiishii pale lori linapomwaga. Jaa lenyewe linahitaji mpango, na watu wanaoishi kando yake na kuokota vitu ndani yake ni watu kama sisi.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, hesabu ya kilomita haina macho. Mtu akiiambia hesabu itafute njia fupi kuliko zote bila sharti jingine, itaanza kuiacha mitaa ya mbali na vichochoro vya maskini, kwa kuwa kuiacha ni akiba. Itapita Rohero mara tatu na kuisahau Kinama. Kwa hiyo sharti la kwanza la kila mpango liwe hili: kila mtaa upate zamu yake, kisha ndipo tutafute njia fupi ya kulitimiza hilo. Pale ambapo lori haliwezi kuingia, mkokoteni na toroli vinaweza. Vyama vya vijana na makampuni madogo yamekuwa yakifanya kazi hiyo mjini, yakizitoa taka majumbani kwa malipo. Yakipangiwa mahali na saa ya kukutana na lori, mkokoteni unakuwa mkono mrefu wa lori. Yasipopangiwa, taka za vichochoro hubadilisha mahali tu na kulundikana barabarani.

Wala mpango usitungwe na watu wa ofisini peke yao. Dereva ndiye anayejua daraja lipi lina nyufa, barabara ipi huwa tope mwezi wa Machi, na soko lipi hufungua mapema. Mpakizi ndiye anayejua pipa lipi hujaa kabla ya mengine. Naye apewe glavu na viatu vya kazi, maana askari hapelekwi vitani bila kofia ya chuma. Kila lori liwe na daftari: saa ya kutoka, kilomita kwenye mita, mahali lilipojaza, saa ya kufika jaani, uzito ikiwa mzani upo, na lita za mafuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema kwa kinywa chake ni njia ipi mbaya na ni njia ipi njema, na mpango utarekebishwa kwa ushahidi.

Tumeuliza mwanzoni askari ana shughuli gani na jambo hili. Sasa na tulijibu kwa vitendo. Polisi wa barabarani anaweza kulifungulia lori la taka njia pale darajani, kwa maana dakika 10 zilizookolewa hapo mara tatu kwa siku ni nusu saa ya kazi. Anaweza kumwondoa aliyeegesha gari mbele ya kituo cha taka alfajiri, kwa sababu gari hilo moja laweza kulirudisha lori tupu. Askari wa doria ya usiku anayaona yale ambayo mkuu wa ofisi hayaoni: lori la mtu binafsi linalomwaga uchafu mtoni saa nane za usiku, au lundo jipya lililoota pembeni mwa mtaro. Taarifa yake ya asubuhi ni sehemu ya ramani. Na kambi zetu, ambazo zina majiko makubwa na watu wengi, ziwe za kwanza kuiheshimu ratiba: taka zitoke nje kwa saa iliyowekwa, zikiwa zimetengwa, mabaki ya chakula yaende shambani yakawe mbolea, na lori libebe yale tu yasiyo na matumizi. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni mabaki ya vyakula na majani, na kila kilo inayobaki kuwa mbolea ni kilo isiyovushwa daraja.

La mwisho, na kubwa kuliko yote, ni hili. Ratiba ya lori la taka ni ahadi. Mama wa Kamenge aliyeambiwa kwamba lori litafika Jumanne saa 1 ya asubuhi ataliweka pipa lake nje saa hiyo. Lori likifika, na likafika tena Ijumaa, na wiki ijayo likafika tena, hataona sababu ya kwenda mtoni. Lisipofika mara mbili, hata tangazo zuri la redio halitamrudisha. Askari anajua maana ya zamu: mlinzi wa usiku hulala kwa utulivu baada ya kazi yake kwa sababu anajua mwenzake atafika kwa saa iliyoandikwa. Tukiipa zamu ya lori la taka heshima ile ile, malori tuliyo nayo yataonekana kuwa mengi kuliko yalivyo, mafuta yatafika mbali zaidi, mitaro itapitisha maji, na ziwa letu litabaki kisima cha watu.

Hayo ndiyo tuliyokusudia kuwaelezeni leo. Kazi njema katika zamu zenu.